Soksi Zisilowe, Mguu Usipigwe Jua: Kisa cha Mkulima wa Mwani Aliyetibiwa Mishipa ya Mguu

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja wa pwani ya Mtwara aliyetibiwa mishipa ya mguu iliyovimba. Tiba yenyewe ilikwenda vizuri, lakini ngozi ya mguu huo ikaharibika katika wiki zilizofuata. Tunakiandika kwa ajili ya wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopokea wagonjwa waliotibiwa kwingine, na kwa wagonjwa wenyewe wanaorudi nyumbani na karatasi ya maelekezo mkononi. Jina la Bi Somoe tumempa sisi. Kijiji chake, hospitali alikotibiwa na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha tumeyaacha. Ameridhia kisa kiandikwe, na alisomewa chote kabla hakijatoka.

Mgonjwa na kazi yake

Bi Somoe ana miaka arobaini na ushei na amezaa mara sita. Mishipa ya mguu wake wa kushoto ilianza kujitokeza akiwa na mimba ya tatu. Hutokea sana: mimba huongeza wingi wa damu mwilini, na tumbo likikua hukandamiza vena kubwa zinazopandisha damu kutoka miguuni. Vali ndogo zilizomo ndani ya vena, ambazo kazi yake ni kuzuia damu isirudi chini, hulemewa na kuanza kuvuja. Kwake mishipa ilijisokota kuanzia nyuma ya goti hadi juu ya kifundo. Ikifika jioni mguu ulikuwa mzito na unawasha, hasa upande wa ndani wa kifundo.

Kwa miaka mingi aliamini ni mwanzo wa matende, na hakuna wa kumlaumu. Matende na mabusha yameitesa pwani ya Mtwara na Lindi kwa muda mrefu, dawa za kinga zimegawiwa vijijini, na mguu wowote uliovimba hushukiwa hivyo kabla ya jambo jingine. Alimeza dawa za kampeni kila zilipokuja, akasubiri uvimbe upungue. Haukupungua, kwa sababu haukuwa wa minyoo ya matende.

Kazi yake ni mwani. Yeye na wenzake wa kikundi wana mashamba kwenye maji mafupi: vigingi vimechomekwa mchangani, kamba zimevutwa kati yake, na vipande vya mwani vimefungwa kwenye kamba kwa vijikamba vidogo. Shambani huwezi kuingia saa unayotaka. Unaingia maji yakipwa, na yanapwa vya kutosha wakati wa bamvua tu, yaani siku chache kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua huwa yamekupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita hivi mchana. Ndio wakati wanawake wanapokuwa wameinama shambani, kanga au vitenge vimekunjwa na kufungwa juu ya magoti, jua likiwapiga kutoka juu na mwanga wake ukiwarudia kutoka majini na kwenye mchanga mweupe. Maji mafu yakija, kazi huhamia nchi kavu: kuanika, kuchambua, kufunga mbegu kwenye kamba mpya chini ya banda la makuti.

Msomaji aishike vizuri saa hiyo ya kupwa. Sehemu kubwa ya kisa imo humo.

Tiba aliyopata

Mwishoni mwa Septemba alitibiwa Dar es Salaam. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha kwamba vena za ndani ni nzima na vena kubwa ya juu haivuji sana; tatizo lilikuwa kwenye matawi. Akapewa skleroterapi: dawa iliyokorogwa ikawa povu inadungwa ndani ya mshipa mbovu, inaunguza ukuta wake wa ndani kwa makusudi, mshipa unasinyaa, unafunga, na baada ya miezi mwili unaufyonza. Damu hupita kwenye vena nyingine zilizo nzima. Hakuna kisu wala kulazwa.

Alitoka na soksi za kubana na karatasi ya maelekezo. Karatasi ilikuwa nzuri, niseme hivyo mapema. Ilimwambia atembee kila siku, asisimame wima muda mrefu, asioge maji ya moto, avae soksi kutwa na *asiziloweshe*, na *aepuke jua la moja kwa moja kwenye mguu kwa wiki 4*. Ilitaja pia dalili za hatari: mguu kuvimba ghafla, maumivu makali ya shavu la mguu, kifua kubana, kuhema kwa shida. Alikaa kwa mdogo wake jijini siku kadhaa kabla ya kupanda basi la kurudi Mtwara, na njiani alishuka kila basi liliposimama, Nangurukuru na Lindi, akatembeatembea kama alivyofundishwa. Safari hiyo ya kukaa kutwa nzima ndiyo iliyotutia wasiwasi zaidi sisi wa kituo cha afya, kwa hofu ya damu kuganda kwenye vena za ndani, na ilipita salama.

Mtiririko wa matukio

Alipofika kwetu mara ya kwanza, wiki ya kwanza ilikuwa imetimia. Mguu ulikuwa na michubuko ya zambarau iliyokoza na mishipa iliyotibiwa ilikuwa migumu ukiigusa, kama inavyotarajiwa. Soksi alikuwa amezivaa, ingawa joto la Mtwara lilikuwa limemtoa vipele vya jasho chini ya goti. Tulimwonyesha namna ya kuzivaa asubuhi kabla hajashuka kitandani na kuzifua usiku, tukamruhusu arudi nyumbani. Mazungumzo yote yalihusu mguu. Neno shamba halikutajwa na upande wowote.

Wiki ya tatu bamvua likafika. Alikuwa na kamba zilizoiva, na mwani ulioiva ukiachwa hukatika na kuchukuliwa na mawimbi. Soksi zilikuwa zimegharimu fedha za mauzo ya mwani wa muda mrefu, na karatasi ilisema zisilowe. Akazivua, akazikunja vizuri, akaziacha nyumbani. Akaingia majini siku mbili mfululizo, kama saa tatu kila siku, miguu wazi. Ilikuwa katikati ya Oktoba. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini kabisa hapa karibu na tarehe 20 Oktoba, kisha tena baada ya tarehe 20 Februari. Katika mwaka mzima hakuna mchana ambao mionzi ya urujuanimno inashuka wima zaidi ya siku hizo.

Baada ya wiki moja hivi mistari ya kahawia ilianza kuonekana, ikifuata mishipa iliyotibiwa. Siku chache baadaye ilikuwa imekoza kuliko ngozi yake yote. Sehemu moja kwenye shavu la mguu palikuwa na uvimbe mgumu wenye ukubwa wa punje ya korosho, ukiuma ukibonyezwa. Jirani yake mmoja, kwa nia njema, akamletea tyubu ya krimu na kikopo cheupe kisicho na lebo kutoka duka la vipodozi. Alivichanganya na kupaka asubuhi na jioni. Siku za mwanzo aliona muwasho umepungua, akaamini dawa inafanya kazi. Akaendelea hadi tarehe ya kurudi kwetu, wiki ya tano.

Siku hiyo ngozi ya muundi ilikuwa inang'aa na imekuwa laini kupita kiasi, nyekundu kwa chini, na vipele vidogo vyenye usaha vilikuwa vimetoka kwenye vinyweleo. Mistari haikuwa imepungua hata kidogo. Nilipomsalimu na kumuuliza imekuwaje mbona soksi hazikuvaliwa, alifungua mkoba akatoa ile karatasi, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, akaniwekea kidole kwenye mstari wenyewe. "Mwanangu, si mmeniandikia zisilowe? Ningeingiaje nazo baharini?"

Alikuwa ametii.

Tulichoamua, na kwa nini

Jambo la kwanza halikuwa ngozi. Mguu uliotibiwa mishipa ukiwa na uvimbe unaouma ndani ya wiki za mwanzo, lazima uondoe kwanza hofu ya damu kuganda ndani. Tulipima mzunguko wa mashavu ya miguu yote miwili kwa utepe, sentimita 10 chini ya goti: tofauti ilikuwa chini ya sentimita moja na nusu. Tofauti inayozidi sentimita 3 ndiyo huchukuliwa kuwa dalili nzito. Hakuwa anahema kwa shida wala hakuwa na maumivu ya kifua. Hata hivyo tulimpeleka hospitali ya rufaa kwa ultrasaundi, kwa sababu utepe haumwondolei mtu shaka akiwa ametibiwa mishipa wiki chache tu zilizopita. Vena za ndani zilikuwa safi. Ule uvimbe ulikuwa damu iliyonaswa ndani ya mshipa uliofungwa.

Jambo la pili lilikuwa kuitoa damu hiyo. Daktari alitia ganzi, akatoboa kwa sindano ndogo na kukamua. Ikatoka nyeusi na nzito. Maumivu yalipungua siku ileile. Hii si tiba ya maumivu peke yake. Damu iliyonaswa huvuja polepole kuingia kwenye ngozi, chembe zake hupasuka, na madini ya chuma yaliyomo hubaki pale yakiwa hemosiderini, yenye rangi ya kahawia, mfano wa kutu. Ukiitoa mapema, doa linakuwa dogo. Wiki ya tano haikuwa mapema. Inafaa zaidi kufanywa wiki ya pili hadi ya nne.

Jambo la tatu, krimu. Tuliisimamisha siku hiyohiyo. Kwenye boksi la tyubu paliandikwa betamethasoni, ambayo ni steroidi kali: inatuliza muwasho haraka, kisha inakondesha ngozi na kuficha maambukizi yanapoanza. Kilichokuwa kwenye kikopo hakuna anayekijua. Mkorogo wa aina hiyo, wa kung'arisha ngozi, mara nyingi huwa na haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya usimamizi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Zebaki ikipenya ngozini hudhuru figo. Tulimwagiza aoshe mguu kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali, akaushe kwa kugusagusa bila kusugua, apake mafuta ya mgando mara mbili kwa siku. Vipele vile havikuhitaji vidonge.

Ilitubidi pia tumweleze kwa nini mkorogo usingefaa *hata kama ungekuwa salama*. Doa linalofuata sindano za mishipa lina sehemu mbili. Moja ni ile hemosiderini, chuma cha damu. Nyingine ni melanini, rangi ya asili ya ngozi, inayozalishwa kwa wingi ngozi inapochokozwa. Ngozi yetu nyeusi ina wepesi mkubwa wa kufanya hivyo. Dawa za kung'arisha hushambulia melanini. Kwenye chuma hazina kazi yoyote, kwa hiyo mistari inabaki na ngozi inayoizunguka ndiyo inayobanduka. Na ngozi iliyopunguziwa melanini imevuliwa kinga yake ya jua, hivyo safari ijayo ya baharini itaunguza zaidi na kuacha weusi zaidi. Alipoelewa hili alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama jirani yake naye aambiwe. Tulimwambia ndiyo, na kwamba aambiwe kwa upole.

Jambo la nne, na ndilo lililotuchukua muda, lilikuwa jua. Tungeweza kurudia yale ya kwenye karatasi, akae kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa mwalimu au mshonaji, maneno hayo yanatekelezeka. Kwa mtu ambaye bahari inamfungulia mlango saa nne na kuufunga saa saba, ni kumwambia aache kazi, na asipoiacha aone kwamba ameshindwa. Tukakaa naye chini ya mwembe wa kituo, mwenzake wa kikundi akiwepo, tukahesabu siku za mwezi.

Wakakubaliana hivi: kwa mabamvua mawili yaliyofuata Bi Somoe hataingia majini. Wenzake watavuna kamba zake, naye atawafungia mbegu chini ya banda, kazi ambayo kila mmoja huikwepa kwa sababu inachosha vidole. Mgawo wa fedha ubaki ulevile. Sisi hatukupendekeza mgawo. Walipanga wenyewe, na ndiyo sababu ulishikwa.

Alikuwa na wazo jingine la kufidia kipato: msimu wa korosho ulikuwa umeanza, angeweza kubangua nyumbani, ameketi. Hilo tulilipinga kwa nguvu. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi nzima, sembuse iliyokondeshwa na steroidi, na korosho zikichomwa kwenye kikaango hurusha mafuta hayo. Halafu kuna moto wenyewe. Kukaa karibu na jiko kwa saa nyingi hupanua vena za miguu, kwa sababu ileile inayofanya karatasi ikataze maji ya moto. Kuokota korosho chini ya mkorosho, kivulini, akiwa amevaa soksi zake, tulikubali bila wasiwasi.

Jambo la tano lilikuwa nguo dhidi ya losheni. Losheni ya kuzuia jua, yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, ndiyo inayotajwa kwanza kila mahali. Tuliipiga hesabu. Mguu mmoja chini ya goti unataka kama kijiko cha chai, mililita 5 hivi, na kupaka upya kila baada ya saa mbili. Kabla ya kuingia na mara moja katikati ya kazi ni mililita 10 kwa siku. Chupa ya mililita 100 inakwisha kwa siku kumi za shamba. Hiyo ni losheni ambayo maji ya chumvi na mchanga yanaiosha wakati wote, na mikono yenye utelezi wa mwani haiwezi kuipaka upya vizuri. Isitoshe, kwenye ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchochea weusi, na losheni nyingi zisizo na rangi hazizuii mwanga huo. Kitambaa kizito kinauzuia.

Kwa hiyo tukaenda na nguo. Kanga iliyolowa haitoshi, maana pamba nyepesi ikilowa hupitisha mionzi zaidi kuliko ikiwa kavu, na shambani hata hivyo inakunjwa. Tulimshauri atafute mitumbani suruali ya kubana ya polista, rangi iliyokoza, iliyofumwa kwa kubanana kiasi kwamba ukiinyoosha juani huoni mwanga wa upande wa pili, ivaliwe chini ya kanga. Polista hukauka upesi na haiachi maji mengi. Alipata moja kwenye gulio kwa bei isiyofika robo ya chupa ya losheni.

Kuhusu losheni alisema jambo moja ambalo tumelisikia mara nyingi: hayo si mafuta ya wenye ualbino? Tulimjibu kwamba ngozi yoyote inaweza kuyatumia, lakini makopo ya Kilisun, losheni ya jua inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, ni ya watu wenye ualbino, ambao jua linawaletea saratani ya ngozi, na hatuchukui hata moja kwa ajili ya doa la mguu. Anayehitaji losheni kwa sababu nyingine anunue duka la dawa.

Matokeo

Vipele vilikauka ndani ya wiki mbili. Ule wekundu na mng'ao uliondoka taratibu zaidi. Desemba ngozi ya muundi ilikuwa imerudi kuwa ngozi. Mistari ya kahawia ilibaki wazi hadi Januari, na kipindi hicho ndicho kilichokuwa kigumu kwake. Alikuwa ameacha krimu, ameacha bahari kwa mwezi mzima, na mguu haukuonyesha tofauti. Alituambia kwamba wanawake wawili kijijini walimcheka, wakisema amelipa nauli ya Dar kwenda kuchorwa mguu. Tulimpiga picha mguu kila alipokuja, kwa simu ya kituo na mahali palepale penye mwanga wa dirisha, uso usionekane. Picha ya Novemba na ya Februari zilipowekwa pamoja aliona mwenyewe kilichokuwa kinapungua bila macho ya kila siku kukitambua.

Kufikia Mei sehemu kubwa ilikuwa imefifia. Umebaki mstari mmoja juu ya kifundo, kama urefu wa kidole, pale ambapo mishipa ilikuwa mingi. Uzito na muwasho wa jioni umeondoka. Anaingia shambani na suruali. Wenzake wawili walijaribu kuvaa pia. Mmoja ameendelea, mwingine aliiacha kwa joto.

Uchambuzi

Niwe mkweli kuhusu jua kwanza. Madoa baada ya skleroterapi huwapata wagonjwa 10 hadi 30 kati ya kila 100, wakiwemo wanaoishi penye theluji, na mengi hufifia ndani ya miezi 6 hadi 12. Sehemu ya mistari ya Bi Somoe ingetokea hata angekaa ndani mwezi mzima, kwa sababu chuma hakiletwi na jua. Damu iliyonaswa ilichangia, na kukosa soksi katika siku za bamvua kulichangia pia, maana mshipa usiobanwa hujaa damu zaidi. Kwa hiyo mgonjwa asiambiwe kwamba doa ni adhabu ya kutotii. Jua liliongeza melanini juu ya chuma, na mkorogo ukaongeza jeraha juu ya vyote viwili. Kwa maoni yangu mkorogo ndio uliodhuru zaidi, na ndio uliokuwa rahisi zaidi kuzuilika, kwa sentensi moja ya tahadhari siku ya kwanza: *mistari ya kahawia inaweza kutokea, hufifia yenyewe, usiipake kitu.* Karatasi haikuwa na sentensi hiyo. Mtu asiyejua kwamba doa linatarajiwa akiliona ataogopa, na mwenye hofu atapokea chochote anacholetewa na jirani.

Karatasi ilishindwa pia mahali pa hila zaidi. Kila agizo lake lilikuwa sahihi. Soksi zilizolowa zinaweza kuchubua ngozi, kwa hiyo zisilowe. Mguu wenye michubuko usipigwe jua. Lakini maagizo hayo mawili, yakikutana kwenye maji ya magotini, yanapingana, na mgonjwa aliachwa peke yake achague lipi avunje. Alichagua kutunza kitu cha thamani alichokinunua. Wengi wetu tungechagua hivyohivyo. Swali ambalo lingeziba pengo ni la kawaida kabisa, nalo ni unafanya kazi gani na saa ngapi. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa palikuwa na nafasi ya umri, dini na ndugu wa karibu. Kazi iliandikwa "mkulima", na neno hilo lilitosha kuficha bahari nzima.

Kilichofanya kazi vizuri ni kutoanza na ngozi. Muhudumu anayeona vipele na madoa huvutwa navyo, na uvimbe wa shavu la mguu unaweza kusahaulika chini ya krimu. Mpangilio wetu wa hatari kwanza, damu iliyonaswa pili, ngozi tatu, jua nne, ulitupa pia muda wa kujenga imani kabla ya kuzungumzia kazi yake. Kumhusisha mwenzake wa kikundi kulisaidia kuliko maelezo yetu yote. Mtu mmoja hawezi kuhamisha bamvua, ila kikundi kinaweza kuhamisha zamu.

Soksi kwenye joto ni tatizo ambalo hatujalimaliza. Wagonjwa wa huku wanazivua saa nane mchana, na sielewi kwa nini tuendelee kujifanya hawazivui. Kwa sasa tunawaambia wazivae kuanzia alfajiri, wakizidiwa wazivue wakiwa wamelala na mguu umeinuliwa juu ya mto, wazirudishe kabla ya kusimama. Ni pungufu ya agizo, na inafuatwa.

Mguu wa kulia wa Bi Somoe nao una mishipa, midogo zaidi. Amepanga kuutibu mwishoni mwa Juni, wakati wa kusi, jua likiwa limelala upande wa kaskazini na joto limepungua. Kabla ya kukata tiketi ya basi alihesabu mwezi: sindano ziangukie mwanzo wa maji mafu, apate wiki moja ya kwanza ya soksi bila kamba yoyote kumwita. Kwa bamvua mbili zitakazofuata, zamu zimeshaandikwa kwenye daftari la kikundi, na jina lake liko upande wa kufunga mbegu.